Asali ya nini mahali pasipo na theluji?

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya miti ya mitundu wakati mjomba alipofungua mzinga wa pili. Alipuliza moshi mara mbili tatu, akasubiri mvumo utulie, akanyanyua kibao kimoja cha juu na sega lake likining'inia. Hakulikata. Aliliinamisha upande, akalitikisa kidogo, na matone mepesi yakadondokea majani makavu miguuni pake.

"Hili bado," akasema, akalirudisha taratibu mahali pake.

Kibao kilichofuata kilitoka na sega zito lililofunikwa nta nyeupe kuanzia juu mpaka chini. Akaliinamisha vilevile. Halikutoa hata tone.

"Hii sasa asali."

"Na lile la kwanza?"

"Lile maji ya maua, mjomba. Hawajamaliza kazi yao."

Mzinga mmoja, nyuki walewale, maua yaleyale ya msitu wa Sikonge, mkoani Tabora. Nikamuuliza ni nani anayewahimiza wamalize. Akasema wanajiwekea. Wanajiwekea kwa ajili ya nini? Akasema njaa. Nikatazama miti ilivyotanda mpaka macho yanapoishia, nikauliza njaa gani. Mjomba alikuwa ameshahamia kibao cha nne, hakunijibu.

Swali hilo nimelibeba kwa wiki nyingi.

## Jibu lililoandikiwa nchi nyingine

Fungua karibu maandishi yoyote yanayoeleza kwa nini nyuki hutengeneza asali, utakutana na jibu moja: wanaweka akiba ya majira ya baridi. Theluji inafunika ardhi, maua hakuna, nyuki wanajikusanya mzingani kwa miezi kadhaa na kula walichoweka. Ni jibu la kweli kabisa huko lilikoandikiwa. Kundi la nyuki la Ulaya ya kaskazini linaweza kumaliza kilo 20 za asali au zaidi kabla ua la kwanza halijafunguka, na lisipokuwa nazo linakufa lote.

Lakini Tabora haijawahi kuona theluji.

Kwa muda nilijaribu kulinusuru jibu hilo. Nilijiambia kwamba uwanda wa Unyamwezi uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kulala Sikonge mwezi wa Julai anajua kwamba blanketi moja halitoshi. Labda nasi tuna baridi yetu, ndogo, inayotosha kumlazimisha nyuki aweke akiba. Ila asubuhi jua likipanda nyuki wanatoka. Wanaruka siku hizo hizo za Julai, wanarudi na chavua miguuni. Baridi ya usiku mmoja mmoja haielezi masega yale mazito.

Kama kiini cha jibu ni theluji, basi nyuki wetu wanafanya kazi kubwa bila sababu. Sikuweza kuamini hivyo. Na ni kazi kubwa kweli.

## Kutoka maji ya maua hadi asali

Mbochi inavyotoka kwenye ua ni maji matamu tu. Kiasi cha sukari hutofautiana sana kati ya mmea na mmea, hata kati ya asubuhi na mchana, lakini tuchukue mbochi yenye sukari asilimia 30. Asali iliyoiva ina maji kama asilimia 18. Piga hesabu: ili kupata kilo moja ya asali wanahitaji karibu kilo 2.7 za mbochi, na kilo 1.7 za maji lazima ziondoke hewani. Nyuki mmoja tukimpa mzigo wa miligramu 30 kwa safari, kilo hiyo moja ni safari kama 90,000.

Nilipoiandika hesabu hiyo kwenye daftari nilisimama kwanza. Kilo moja. Ile chupa inayouzwa barabarani.

Mbochi hubebwa kwenye mfuko wa asali, ulio mbele ya tumbo la kusaga chakula. Kati ya viwili hivyo kuna vali ndogo. Nyuki akiwa na njaa huifungua, akajipitishia kidogo. Vinginevyo mzigo unabaki mbele, haujaguswa na usagaji. Nalisema hili kwa sababu kila asali inapozungumziwa hujitokeza mtu wa kutangaza kwamba ni matapishi. Matapishi ni chakula kilichoingia tumboni kikakataliwa. Mbochi haikuingia huko. Ilibebwa ili ikabidhiwe.

Nayo hukabidhiwa. Nyuki anayetoka nje hamimini mbochi kwenye sega mwenyewe mara nyingi. Anaipokea nyuki wa ndani, mdomo kwa mdomo, karibu na mlango. Huyu wa ndani ni mdogo kwa umri. Anatafuta mahali penye nafasi, anafungua taya, anasukuma tone litokeze kwenye ulimi, analirudisha, analitokeza tena. Anaweza kufanya hivyo kwa dakika 15 au 20 bila kupumzika. Kila tone linapotokezwa, maji kidogo yanapotea, na kila linaporudi linachanganyika na majimaji ya tezi za kichwani mwake.

Kwenye tezi hizo mna vimeng'enya. Kimoja, invatesi, huvunja sukrosi ya mbochi kuwa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi. Hapa pana akili ambayo sikuitarajia. Sukrosi peke yake haikubali kuyeyuka kupita kiwango: kwenye joto la kawaida la chumba, ukifika kama theluthi mbili ya uzito wote, inayozidi inabaki punje. Ikishavunjwa, kiasi kikubwa zaidi cha sukari kinaingia kwenye maji machache zaidi. Asali inafika asilimia 80 ya sukari na bado inamiminika. Bila kimeng'enya hicho nyuki wasingeweza kukausha mbochi kufikia hapo. Wangepata sukari ya mawe ndani ya vijumba vya nta.

Cha pili kinaigusa glukosi yenyewe, na kutokana nayo hutokea asidi pamoja na haidrojeni peroksaidi kidogo. Asidi hiyo ndiyo inayoipa asali ule ukali mdogo nyuma ya utamu. Peroksaidi inailinda mbochi wakati bado ina maji mengi, yaani wakati ule hasa inapoweza kuchacha. Asali ikishaiva, kimeng'enya hicho karibu kinalala, na ikizimuliwa tena kinaamka.

Baada ya hapo matone hutundikwa kwenye kuta za vijumba, membamba, ili hewa iyapate. Kisha mabawa. Ukienda kwenye mizinga usiku wakati wa maua mengi utasikia mvumo usiokoma na harufu nzito inatoka mlangoni: nyuki wamejipanga, wanapepea, wanatoa hewa yenye unyevu na kuingiza kavu. Huenda siku kadhaa namna hiyo. Maji yakishapungua vya kutosha, kijumba kinajazwa na kuzibwa kwa nta.

Lile sega la kwanza la mjomba lilikuwa katikati ya safari hiyo.

Watu wa Unyamwezi hawahitaji kufundishwa mantiki yake. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi huchemshwa, hukatwa na kuanikwa vikawa matobolwa, au hukatwa vibichi vikawa michembe, kwa sababu kiazi chenye maji kinaoza na kiazi kikavu kinavuka mwaka. Hamira inayochachusha mbochi inahitaji maji. Nyuki anayaondoa.

## Hakuna anayewahimiza

Niliuliza nani anawahimiza, nikidhani jibu ni malkia. Malkia hana habari na mbochi. Anataga.

Aliyenisaidia hapa ni Thomas Seeley, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi akitazama mizinga ya vioo. Nyuki anayerudi na mbochi hupima jambo moja dogo: amesubiri muda gani kupata wa kumpokea. Akipokelewa haraka, na ua alikotoka ni zuri, anacheza ile ngoma ya kutikisa tumbo inayowaelekeza wenzake, ngoma ambayo Karl von Frisch aliisoma na akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Akisubiri sana, maana yake wapokeaji wa ndani wamezidiwa. Anacheza ngoma nyingine, ya kutetemeka, ambayo inawaita nyuki zaidi kwenye kazi ya kupokea na kuivisha. Kwa kusubiri tu, kundi linajua lipeleke nguvu nje au ndani.

Na kuna kitu kingine kinachowachochea: nafasi. Masega matupu huwafanya nyuki wakusanye zaidi. Ndiyo maana mfugaji anayeongeza masanduku juu ya mzinga anapata asali ambayo nyuki hawakuihitaji. Hawana kipimo kinachowaambia inatosha. Wana maua, nafasi na nguvu. Vyote vitatu vikiwepo wanaweka.

Hii ilinipa jibu la jinsi. La sababu likazidi kunitesa, maana sasa nilijua gharama yake.

## Asiyekula alichokileta

Nyuki kibarua wakati wa kazi nyingi anaishi wiki chache tu, tano au sita. Sehemu ya kwanza ya maisha yake yuko ndani: anasafisha vijumba, analisha majana, yaani watoto wa nyuki, anapokea mbochi, anajenga. Kutoka nje ni kazi ya mwisho, na inamuua. Mabawa yanachanika, siku moja harudi.

Kwa hiyo nyuki aliyeleta tone lile la Mei hatakuwepo njaa itakapokuja. Atakayelila hajazaliwa.

Nilikaa na wazo hilo siku nyingi kuliko yote mengine. Tunaposema nyuki anaweka akiba yake, tunamhesabu nyuki mmoja mmoja, na kwa hesabu hiyo hakuna akiba yoyote: kuna viumbe wanaochoka hadi kufa kwa ajili ya chakula ambacho hawatakigusa. Hesabu inakaa sawa tu ukihesabu kundi. Kundi linaishi miaka. Linabadilisha miili yake yote mara kadhaa kwa mwaka na linabaki kundi lilelile, lenye harufu yake na mzinga wake.

Nyigu wengi wa nchi za baridi hawafanyi hivyo. Kundi lao hufa msimu unapobadilika, malkia wachache wapya wanajificha peke yao, na mwaka unaofuata kila mmoja anaanza upya. Ni njia halali ya kuishi na imefanikiwa. Nyuki wa asali walikwenda njia nyingine: umati unaobaki pamoja mwaka mzima. Umati lazima ule kila siku, hata siku ambayo hakuna kilichochanua.

Hapo ndipo neno la mjomba, njaa, lilipoanza kupata uzito.

## Njaa ya kwetu

Msitu wa miombo unadanganya macho. Kijani hakimaanishi mbochi. Mitundu huvaa majani mapya mekundu na kuchanua kabla mvua hazijaanza, wakati ardhi bado ni vumbi. Miti ya muba nayo ina wakati wake, mvua zikielekea mwisho na baada yake. Katikati ya hayo kuna majani mengi na maua machache. Na kuna siku za mvua zenyewe. Mvua ikinyesha kutwa nzima nyuki hatoki, na hata ua lililofunguka mbochi yake inazimuliwa na kuoshwa.

Umati haupumziki siku hizo. Majana yanataka joto la nyuzi 34 au 35 usiku na mchana, na joto hilo linatoka kwenye misuli ya mabawa ya nyuki waliosimama juu ya masega wakitetemesha miili bila kuruka. Misuli hiyo inachoma sukari. Wanaotoka kutafuta wanachoma sukari. Nta nayo inatoka kwenye tezi za chini ya tumbo la nyuki walioshiba asali. Makadirio yanayotumiwa na wafugaji ni kilo sita hadi nane za asali kwa kilo moja ya nta.

Tunaiona asali kwenye chupa na kudhani ndiyo walichotengeneza mwaka ule. Ile ni iliyosalia. Sehemu kubwa imeshageuka joto, nta na mwendo bila sisi kuiona.

Kwa hiyo nyuki wa Tabora ana njaa yake, haina theluji, inakuja kwa vipande na haina tarehe. Nilidhani nimemaliza.

Halafu nikakutana na jambo lililonirudisha nyuma.

## Kwa nini basi hawaweki zaidi?

Nyuki wetu, ukiwalinganisha na wale wa Ulaya, hawaweki sana. Wanaongezeka haraka, wanagawanyika mara nyingi zaidi kwa mwaka, wanahama kwa urahisi. Wafugaji wengi wa kizungu waliofika Afrika walilalamikia hilo: unafungua mzinga uliokuwa na kundi zuri, unakuta masega matupu na mchwa. Kama asali ni uhai wa umati, kwa nini umati huu unaridhika na kidogo?

Sababu ya kwanza nadhani kila mtu wa msituni anaijua. Asali inaita wezi. Nyegere anapasua mzinga kwa kucha. Siafu wanaingia kwa maelfu. Moto wa kiangazi unapita chini ya miti. Na binadamu tumekuwepo Afrika muda mrefu kuliko mahali pengine popote duniani. Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi bado wanamfuata mlembe, ndege anayewaongoza hadi kwenye mti wenye nyuki na kusubiri masalia ya nta. Watafiti waliokwenda nao walikuta kwamba kumfuata ndege huyo kunaongeza kasi ya kupata nyuki mara kadhaa. Nyuki amezungukwa na viumbe waliojifunza kushirikiana ili wamwibie. Kukaa mahali pamoja juu ya ghala lililojaa, katika nchi hii, ni hatari.

Sababu ya pili ni kwamba huku kuhama kunalipa. Mahali mvua ilipotangulia maua yanatangulia. Kundi la Ulaya likihama Desemba linakufa barabarani. Kundi la Tabora likihama lina uwezekano wa kweli wa kukuta msitu unaochanua mbele.

Nalo haliondoki mikono mitupu. Kabla ya kuruka kila nyuki hujaza mfuko wake wa asali. Hivyo hivyo kundi linapogawanyika na malkia mzee kutoka na nusu ya watu au zaidi: kila mmoja ana mzigo. Huo ndio unaolilisha bumba, yaani kundi hilo lililotoka, likiwa limetundikwa kwenye tawi likitafuta shimo, na huo ndio unaogeuka nta ya kwanza ya nyumba mpya.

Hapo swali langu liligeuka. Nilikuwa nauliza asali ni akiba ya majira gani. Asali ni muda. Inalipatia kundi siku ambazo maua hayajazitoa. Nyuki wa Ulaya anazitumia siku hizo kukaa kimya akisubiri. Nyuki wa kwetu anazitumia kuvuka pengo fupi, au kuzaa kundi jingine, au kuondoka.

## Jaribio lililofanywa na nyuki wenyewe

Unaweza kuniambia hayo ni mawazo tu. Lakini kuna jaribio kubwa limeshafanyika, na Tabora ilikuwa na mkono wake.

Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi kutoka Afrika Kusini, na Tabora pia ilitoa. Alikuwa na sababu ya maana: nyuki wa Ulaya waliopelekwa Brazil tangu zamani hawakuwa wanafanya vizuri kwenye joto, walizaa kidogo na asali ilikuwa kidogo. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro katika jimbo la São Paulo, makundi 26 yalitoka mizingani na kuingia msituni.

Yaliyofuata yanasimuliwa zaidi kwa hofu, kwa sababu nyuki hao ni wakali na watu walikufa. Sipunguzi vifo hivyo. Lakini kitu kinachonivuta ni ramani. Walisambaa kilomita mia kadhaa kila mwaka, wakapita Amazon, wakapita Amerika ya Kati, na mwaka 1990 wakafika Texas. Popote palipokuwa na joto na maua ya vipindi vipindi waliwazidi nyuki wa Ulaya. Tabia zilezile zilizolalamikiwa huku, kugawanyika sana, kuhama, kuweka kidogo, ndizo zilizowapa bara zima.

Kisha wakasimama. Kusini, ndani ya Argentina, walipokutana na baridi inayodumu, hawakuendelea. Huko nyuki wa Ulaya wamebaki. Kaskazini mwa Marekani vivyo hivyo.

Majira ya baridi marefu yanadai tabia moja tu: kaa, jaza, subiri. Nyuki wa kwetu hawakuwahi kudaiwa hiyo. Walidaiwa nyingine, ngumu vilevile.

Na Brazil, baada ya miaka ya hasara na hofu, ilijifunza kuwafuga. Leo inauza asali nyingi nje ya nchi, na nyuki wanaoitengeneza wana damu ya nyuki hawa hawa. Wafugaji walihamisha mizinga mbali na nyumba, wakavaa mavazi mazito zaidi, wakaacha kutarajia tabia ya Ulaya. Hilo lingenifurahisha zaidi kama mafunzo tunayopewa hapa nyumbani yangeanza na nyuki aliyepo. Bado nasoma vijitabu vinavyomshauri mfugaji wa Tanzania aache akiba ya majira ya baridi.

## Tunachobishania na mjomba

Nilirudi Sikonge na daftari langu. Mjomba alisikiliza habari za Brazil kwa makini kuliko nilivyotegemea, hasa zile za Tabora. Kuhusu vimeng'enya alisema anaamini, kwa kuwa amelamba sega bichi na sega lililozibwa, na anajua utamu wake si mmoja. Kuhusu njaa alisema alishaniambia.

Tulipotofautiana ni kwenye kuhama.

Kundi linalokimbia kwa kusumbuliwa, moto au siafu, huacha kila kitu: majana, chavua, asali. Linalohama kwa mpango ni tofauti kabisa. Wiki kadhaa kabla, ulezi wa majana unapungua na mwishoni unakoma. Wanasubiri majana ya mwisho yatoke. Asali inaliwa na kubebwa. Wakiondoka, karibu hawaachi cha maana. Kwa hiyo ukifungua mzinga wakati maua yameisha, ukakuta masega hayana mayai wala majana machanga, ila majana machache yaliyozibwa, na asali bado ipo, unatazama watu wanaofunga mizigo.

Mjomba anasema hapo ndipo pa kurina. Wanaondoka hata hivyo. Usipoichukua wewe wataibeba wao, na wiki mbili baadaye utafungua mzinga mtupu ukiwa na watoto wa kusomesha. Siwezi kulipuuza hilo. Ada hazisubiri mitundu ichanue.

Mimi nasema kundi lililonyang'anywa mafuta ya safari haliendi mbali. Likifia njiani hatulipati sisi wala jirani halipati. Likifika linakofika, msimu wa maua yajayo litakuwa makundi mawili au matatu, na mabumba hayo yanatafuta pa kuingia. Mjomba mwenyewe ana mizinga mitupu aliyoitundika kwa ajili hiyo hiyo, akaipaka nta ndani ili inukie.

"Na kama yataingia kwa mwingine?" akaniuliza.

"Na mabumba uliyonayo sasa yalitoka kwa nani?"

Hakukubali. Tumeafikiana jambo moja: mizinga iliyo upande wa mbuga atarina kama alivyozoea, na ile iliyo upande wa mlima hataigusa mpaka mitundu itakapochanua. Ataweka alama ya rangi kwenye mashina. Kila mwezi atanitumia ujumbe wa simu kunieleza mizinga ipi ina watu na ipi haina.